Samli Kwenye Mkoba wa Shabaha

Maelezo yaliyosomwa mbele ya kikao cha familia, Kambarage, Shinyanga, Jumamosi tarehe 14 Septemba 2024

Mama yetu Paskalia, uliyetuzaa na ambaye umeketi mbele yetu sote. Kaka yangu Bujiku, mwenyekiti wa kikao hiki. Wajomba na wakwe mliotoka Maganzo asubuhi hii. Wadogo zangu pamoja na wake na waume zenu. Nanyi wajukuu mliokaa mkekani pale mlangoni: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake, na ninawashukuru kwa kuitikia wito uliotolewa kwa haraka.

Mimi Asteria, katibu wa familia hii, ndiye niliyeomba kikao. Mnajua kwamba Nyamizi, binti wa marehemu kaka yetu, ni mlinzi katika mgodi wa dhahabu ng'ambo ya Masumbwe, na kwamba Januari alichaguliwa kwenye timu ya klabu yao ya kulenga shabaha. Jambo msilolijua ni kwamba tangu Mei jina lake limesimamishwa. Orodha ya watakaoshindana Oktoba inafungwa Jumatano ijayo. Jina lake likikosekana siku hiyo, limekosekana. Na kosa lililomsimamisha si lake.

Nitasoma barua tulizoandikiana. Mtauliza kwa nini tuliandikiana wakati kila mmoja wetu ana simu. Sababu ni mama yetu, ambaye simu ya mjukuu ikilia huagiza iwekwe sauti kubwa, nasi sote tukasalimiana kama tuko redioni. Yale tuliyotaka mama asiyasikie, tuliyaandika. Leo nayasoma mbele yake bila kuondoa neno, hata pale yanaponiaibisha.

*

Kambarage, 14 Januari 2024

Kwa mwanangu Nyamizi,

Nakusalimu nikitumaini umeuanza mwaka ukiwa mzima. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha siku nne mfululizo na choroko za bibi yako zimeota mpaka kwenye njia ya kwendea bafuni. Mguu wake humuuma tangu alfajiri, lakini ikifika saa nne huwa umepona, kwa kuwa ndiyo saa ya kwenda kusali jumuiya. Baba yako mkubwa Bujiku ameuza lile dume lenye pembe moja, na sasa kila jioni anatueleza jinsi alivyolipenda.

Habari za kuchaguliwa kwako zimefika na zimetusimamisha wima. Marehemu baba yako angeuliza shabaha iko umbali wa hatua ngapi, kisha angesema hata yeye angeipata. Familia imekubaliana kukupa zawadi: mkoba wa kubebea vifaa vyako vya shabaha. Kazi ya kuutafuta nimekabidhiwa mimi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na mmoja, kwa hiyo mikoba ninayoifahamu ni ya madaftari. Niandikie unataka mkoba wa namna gani, na uandike kama unayemwandikia mtu asiyejua lolote, maana ndivyo nilivyo.

Shangazi yako,
Asteria

*

Masumbwe, 2 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwamkie bibi kwa niaba yangu, umwambie nakula vizuri, na kwamba kukonda kulikoonekana kwenye picha ni kwa sababu picha ilipigwa pembeni. Nakaa chumba kimoja na mlinzi mwenzangu anayeitwa Bhoke, mtu wa Tarime, ambaye huimba kwaya akifua. Sauti hana, ila huruma ya kumwambia ninayo.

Kuhusu mkoba. Tafadhali usichague kwa rangi. Mingi ina madoa ya kijani na kahawia kama sare za jeshi, na raia akionekana na kitu cha namna hiyo barabarani atajibu maswali mpaka jua litue. Nyeusi au kijivu inatosha. Ndani kuwe na rangi ya kung'aa, ili kitu kidogo kikianguka kionekane. Risasi ziwe na mfuko wake unaofungwa peke yake, mbali na vyombo vingine, kwa kuwa hilo ndilo jambo la kwanza linalokaguliwa getini. Miwani ya kinga na vikinga masikio vinahitaji mfuko mgumu usiobonyea. Kichupa cha mafuta ya kusafishia kiwe nje, maana siku moja lazima kitavuja.

La muhimu kuliko yote ni mikanda. Shangazi, risasi mia tatu zina uzito wa mtoto mchanga, na zimejikusanya mahali pamoja. Tazama mkanda umeshonewa wapi. Mkoba mzuri mkanda wake huzunguka chini ya kitako na kupanda upande wa pili, mkoba ukalala juu yake. Mkoba mbaya mkanda wake umebandikwa ubavuni kama mfuko wa shati. Kabla hujalipa, omba kitu kizito, kijaze ndani, uuning'inize mkononi kwa dakika tano. Wakikucheka, waache wacheke.

Binti yako,
Nyamizi

*

Kambarage, 9 Machi 2024

Kwa mwanangu Nyamizi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama Noela wa jirani amejifungua mapacha, na bibi yako amekwenda kuwaona mara sita kwa ule mguu wake mgonjwa.

Mkoba umepatikana. Nilikwenda Mwanza mwenyewe, kwenye lile duka ambalo klabu yenu ilinielekeza. Hawamuuzii mtu vifaa vya silaha bila barua ya klabu, kwa hiyo risiti imeandikwa jina lako, na klabu yenu imeandikwa kuwa mdhamini. Ni mweusi, ndani una rangi ya chungwa, una mfuko wa risasi wenye zipu na kufuli. Mikanda nimeitazama. Kuhusu kujaza kitu kizito, niliomba, muuzaji akanitazama, watu watatu nyuma yangu wakanitazama pia, nikaona haya nikaishia kuutikisa. Ulionekana imara.

Nilipofika nyumbani bibi yako alitaka kuuona. Unakumbuka habari za babu yako alipokuwa kamanda wa sungusungu, kwamba hakutoka na podo la mishale kabla mkewe hajaupaka samli mkanda wake, huku akimtaja kila aliye nyumbani ili mbebaji arudi kwao. Nilimweleza kwamba wewe hubebi mishale. Akaniuliza, "Anachobeba hakiui?" Akatoa kibuyu chake cha samli, akapaka vishikio, akapaka mikanda, akapaka kila mshono alioufikia, na kila mshono ukiwa na jina la mtu. Alipomaliza majina, mishono ilikuwa imebaki, akaanza kutaja ng'ombe.

Upokee kama ulivyo. Donatus wa ofisi ya mizigo stendi ataupeleka kwa basi la Masumbwe.

Shangazi yako,
Asteria

*

Masumbwe, 30 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeupokea mkoba na nimekaa nao mapajani muda mrefu. Ni zawadi kubwa kuliko nilivyostahili. Uliufungua moyo wangu kabla sijafungua zipu.

Harufu yake ilifika chumbani kabla yangu. Bhoke aliuliza nani anapika makande. Sisimizi nao walipata taarifa, na asubuhi walikuwa wamejipanga kwenye vishikio kama waliotajwa majina na bibi. Podo la babu lilikuwa ngozi, na ngozi hunywa samli ikalainika. Mkoba huu ni nailoni, shangazi. Haunywi. Samli inakaa juu inakutazama. Lakini nimeufuta kwa kitambaa na nikauvaa hivyohivyo, wala msimwambie bibi habari za sisimizi.

Liko jambo dogo. Siku ya tatu mkanda mmoja uliachia mshono ubavuni. Si jambo la kuwasumbua. Kama duka litakubali kubadilisha, nitashukuru. Kama halikubali, kuna fundi viatu hapa. Nimeurudisha kwako kwa Donatus pamoja na risiti na boksi lake.

Mahindi ya huku yamestawi. Ya huko je?

Binti yako,
Nyamizi

*

Masumbwe, 11 Aprili 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika tena kabla hujajibu, kwa sababu jana nimesoma picha ya ile risiti niliyoipiga kwa simu, hasa maandishi ya nyuma. Yanasema bidhaa ambayo mnunuzi amebadilisha mawazo tu hupokelewa ikiwa haijaguswa, ndani ya siku kumi na nne, na hizo zimepita. Lakini bidhaa iliyoharibika kwa kosa la kiwandani hupokelewa ndani ya miezi sita hata kama imetumika, mradi mwenye mali aeleze imetumikaje. Mkanda ulikuwa umebandikwa ubavuni, na uzi umekatika, haukuoza. Mafuta hayakati uzi. Haki tunayo.

Kwa hiyo waeleze kila kitu, pamoja na samli. Wao wataona tu mkoba wenye mafuta. Sisi ndio wa kuwaambia ni mafuta gani. Sina aibu yoyote na mikono ya bibi.

Binti yako,
Nyamizi

*

Ndugu zangu, barua hiyo niliyoisoma sasa hivi niliipata tarehe 9 Mei. Donatus aliiweka kwenye droo ya ofisi ya mizigo, akaenda likizo ya mwezi mzima na ufunguo. Simlaumu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshaandika hii inayofuata.

*

Kambarage, 20 Aprili 2024

Kwa mwanangu Nyamizi,

Salamu. Mahindi ya huku yamekauka kwenye kona ya mashariki, lakini mtama umetusimamia. Bibi yako amepata miwani mpya na amegundua kwamba jogoo wake ni mzee.

Mkoba ulifika. Usiwe na wasiwasi wowote. Nimeusugua kwa maji ya moto na sabuni, nikauanika siku mbili nyuma ya nyumba bibi yako alipokuwa jumuiya, nikaurudisha ndani ya boksi lake na lebo yake. Nimeupeleka Mwanza pamoja na barua fupi yenye heshima. Nina hakika watabadilisha. Bibi yako hajui kwamba mkoba umerudi, na sioni sababu ya kumwambia. Atadhani kilichorudishwa ni baraka zake.

Endelea kufanya mazoezi kwa mkoba wa kuazima.

Shangazi yako,
Asteria

*

Nakala ya barua hiyo fupi ninayo hapa. Niliiandika kwa niaba ya Nyamizi na nikaweka jina lake chini, kwa kuwa risiti ilikuwa yake. Sentensi yake ya pili inasema: "Mkoba huu haujatumika wala kuguswa kwa namna yoyote tangu ulipotoka dukani kwenu." Nimetunga mitihani ya mkoa mzima, ndugu zangu, na katika maisha yangu sijaandika sentensi iliyonyooka zaidi ya hiyo. Haikuwa na ukweli hata kidogo.

Barua ya Nyamizi ya kunionya iliponifikia, nilijibu hivi.

*

Kambarage, 12 Mei 2024

Kwa mwanangu Nyamizi,

Barua yako ya Aprili imechelewa lakini imefika. Hatujambo. Pamba imeanza kupasuka na Bujiku anatafuta vibarua wa kuichuma. Mapacha wa Mama Noela wamebatizwa, mmoja akalia, mwenzake akalala usingizi.

Kuhusu lile jambo, usijali. Nimelishughulikia.

Shangazi yako,
Asteria

*

Masumbwe, 23 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea. Zamu zimebadilika kwa hiyo siku hizi siendi sana uwanjani. Duka halijajibu kitu cha maana; naomba tusiwafuatilie tena.

Msalimie bibi.

Nyamizi

*

Kambarage, 15 Julai 2024

Kwa mwanangu Nyamizi,

Umeniandikia mistari minne. Mtoto niliyemfundisha kuandika barua kwenye meza yangu ya kulia chakula, ambaye alikuwa akijaza kurasa mbili kuhusu kifo cha bata, ameniandikia mistari minne na hakusema yeye ni binti wa nani.

Nimekupigia Jumapili mbili. Tumeongea habari za mvua na mguu wa bibi yako, naye alikuwa ameketi karibu anaitikia kama mtangazaji. Hukusema kitu, nami sikuuliza kitu.

Nimejishawishi kwamba unaionea haya ile samli. Kama ndivyo, nisamehe mimi, usimkasirikie bibi yako. Ni mimi niliyekuwa na kauli ya mwisho siku ile. Ningeweza kumwomba aubariki mkoba kwa maneno tu. Ukweli ni kwamba nilipomwona anafungua kibuyu, nilifurahi. Baadaye ndipo nilipoanza kufikiria watu wa Mwanza watatuonaje.

Nakuomba kurasa mbili.

Shangazi yako anayekupenda,
Asteria

*

Masumbwe, 25 Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nipe marahaba kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Hujambo wewe? Bibi hajambo? Bhoke amechumbiwa na mchimba dhahabu ambaye hupenda uimbaji wake, kwa hiyo nimeamini kwamba Mungu humpangia kila mtu msikilizaji wake.

Sikukueleza vizuri mkanda ulivyokatika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa kulengea, wenzangu sita wako tayari. Mkanda uliachia, mkoba ukatua kwenye saruji, mfuko wa risasi, ambao nilikuwa nimeshaufungua, ukamwagika, zikatawanyika miguuni mwa watu kama choroko. Msimamizi akapiga filimbi, kila mtu akaweka silaha chini, na kwa robo saa watu wazima walitambaa kuokota risasi mpaka hesabu ikatimia. Hakuna aliyeumia. Nilicheka, lakini nilizihesabu tena peke yangu. Sikukuandikia hivyo Machi kwa sababu ningekuandikia, ungepanda basi.

Katikati ya Mei mwenyekiti wa klabu, Mzee Magesa, aliniita ofisini. Mezani kulikuwa na barua kutoka dukani na picha. Walikuwa wamefumua mshono, na ndani kuna samli na sisimizi waliokufa. Pembeni ya picha ilikuwepo barua yenye jina langu, inayosema mkoba haujaguswa. Duka lilisema mikoba ya aina ile imerudishwa na wengine pia kwa sababu ya mikanda, na kwamba wangetupatia mpya siku hiyohiyo kama tusingewadanganya.

Mzee Magesa hakupaza sauti. Alisema, "Nyamizi, hapa mtu akiniambia bunduki yake haina risasi, mimi napita mbele yake kwenda kubadilisha karatasi za shabaha. Napita kwa neno lake tu. Sasa hii nifanye nayo nini?"

Nikamwambia barua imetoka kwetu. Akauliza, "Kwenu nani?" Nikanyamaza. Akasema basi jina langu litakaa pembeni mpaka aliyeandika ajitokeze, na kwamba orodha inafungwa tarehe 18 Septemba. Sijagusa bastola ya klabu tangu siku hiyo. Kazini naendelea, ila wenzangu siku hizi huhesabu vitu mara mbili nikikabidhi zamu.

Niliujua mwandiko wako, shangazi, tangu mlangoni. Ile "k" yako yenye mkia. Hiyo ndiyo "k" niliyojifunzia. Ningewezaje kumwambia mtu wa nje kwamba mwalimu wangu amesema uongo, tena kwa jina langu, kwa sababu ananipenda? Nikaona ni heri ninyamaze mpaka hasira iishe. Imeisha tangu Juni. Ule mstari wa mwisho niliouacha, sikuuacha kwa hasira. Nilijua nikiuandika nitalia juu ya karatasi na wino utaharibika.

Samli siionei haya. Ningeeleza, Mzee Magesa angecheka na kunihadithia ya kwao. Nilichokionea haya ni kwamba tulificha.

Sikutumi kufanya lolote. Nilitaka tu ujue kwa nini mistari ilikuwa minne. Ila nikiulizwa ninachotaka, nitasema ukweli: nataka kulenga Oktoba. Nimeitaka siku hiyo miaka mitatu.

Binti yako wa sikuzote,
Nyamizi

*

Hizo ndizo barua zote.

Mwenyekiti, hii ya mwisho ilinifikia tarehe 6 mwezi huu. Niliisoma mara moja, nikaikunja, na kwa siku tatu nilijiandikia sababu kichwani. Nilijiambia nilikuwa namlinda mama asichekwe. Nilijiambia nilikuwa namsaidia mtoto. Ya nne ilipofika sikuwa na sababu nyingine, nikaja kwako, ukaniambia kwa kifupi, "Itisha kikao."

Halikuwa jambo la haki mama kulisikia kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwa hiyo asubuhi hii nilimfuata jikoni. Nilimweleza mkoba ulirudishwa, nikamweleza nilivyousugua, nilichoandika, na yaliyompata Nyamizi. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akaniuliza:

"Asteria, uliionea aibu mikono yangu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mayu. Kwa siku moja."

Akasema, "Siku moja si nyingi. Mimi nilimwonea aibu baba yako mwaka mzima, alivyokuwa akicheza ngoma vibaya." Akachambua tena, halafu akauliza, "Na huyo mtoto, amenyamaza tangu Mei kwa ajili yako?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kilichobariki mkoba hakikuharibika," akasema. "Kilichoharibika ni chako. Nenda ukakitengeneze, na mimi nipe ungo ule mwingine."

Mama, naona unatikisa kichwa kwamba sikusema yote. Ni kweli, aliongeza pia kwamba nailoni ni kitambaa cha watu wavivu. Niliahidi nisiondoe neno.

Ndugu zangu, nilimwandikia Nyamizi wiki hii maneno mawili tu, "Nisamehe, nakuja," na Donatus safari hii nimemsimamia mpaka bahasha ikapanda gari. Jumatatu nitapanda basi kwenda Masumbwe. Nitasimama mbele ya Mzee Magesa na wanachama wake, nitataja jina langu na kazi niliyoifanya miaka thelathini na mmoja, na nitasema sentensi ile ni yangu. Kisha nitakwenda Mwanza dukani kusema hayohayo. Sitaomba mkoba mpya. Wakiutoa, ni wao. Wasipoutoa, Nyamizi atapata mwingine, na safari hii nitaujaza mawe mbele ya kila anayetaka kutazama.

Lakini mwanamke mmoja aliyekwisha kudanganya mara moja, akija peke yake na barua nyingine mkononi, anaaminiwa kwa lipi? Mzee yule ataniuliza kama nyumba yetu inajua. Hilo siwezi kulijibu peke yangu.

Kwa hiyo, kwa idhini ya mwenyekiti, natangaza uamuzi ambao yeye na mama wameshaukubali, nao unasubiri mikono yenu. Hii ni barua ya familia, ya ukurasa mmoja. Inaeleza kwamba mkoba ulipakwa samli hapa nyumbani tarehe 8 Machi na Paskalia, mama wa nyumba hii, kwa desturi yetu na bila kificho. Kwamba ulitumika siku tatu kabla mkanda haujakatika. Kwamba Asteria alijua yote hayo na akaandika kinyume chake. Na kwamba Nyamizi hakuandika, hakutuma, wala hakuambiwa kilichoandikwa. Bujiku ameikagua. Ninaomba kila mtu mzima aliyemo humu aisome, au asomewe, kisha aweke sahihi yake. Asiyeandika ataweka dole gumba; kidau cha wino kipo juu ya meza. Wajukuu waliotimiza miaka kumi na minane nao wanahusika, maana jina linalosafishwa ni la dada yao.

Ataanza mama, atafuata mwenyekiti, kisha wageni wetu wa Maganzo, kisha sisi wengine kwa kufuatana. Jina langu litakuwa la mwisho, chini kabisa, na limeachiwa nafasi.

Chakula kipo tayari, lakini mlango wa ukumbini kilikoandaliwa utafunguliwa karatasi itakapokuwa imejaa sahihi.